Kiti cha Mkwe

Sauti ambayo Bonge aliichukia kuliko zote duniani ilikuwa ya benchi la chuma likiburutwa sakafuni nyumbani kwa baba mkwe wake. Ilianzia uani, ikapita jikoni, ikaingia sebuleni, watoto wawili wakilivuta huku wanahema. Wageni wengine wote walikuwa wameshakaa kwenye viti vya plastiki kama binadamu. Yeye alisubiri amesimama, mikono nyuma, mpaka mzee atangaze kwa sauti yake ya dereva wa lori mstaafu, sauti iliyozoea kushindana na injini:

"Kiti cha mkwe hicho kimefika. Keti, mkwe wangu, jisikie nyumbani."

Benchi hilo lilichomelewa makusudi, kwa mabomba ya maji, baada ya yaliyotokea siku ya harusi. Siku hiyo Bonge alikaa kando ya baba mkwe, mbele ya ukoo mzima, na kiti kikasalimu amri. Angeanguka peke yake yangekwisha palepale. Lakini katika kutapatapa alilishika koti la mzee, na mzee naye si mwembamba, basi wakaenda chini wote wawili na soda zao. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee hakucheka. Wiki iliyofuata alimwita fundi wa kuchomelea.

Bonge hakuwahi kulalamika, maana mkwe hana mdomo wa kulalamikia kiti anachopewa. Lakini ilimuuma. Kila Jumapili alikaa juu ya yale mabomba na kutabasamu, akanywa chai yake, akaitikia kila alichoambiwa, na njiani kurudi nyumbani alikuwa mkimya hadi mkewe anamshika mkono.

Mambo yalianza kugeuka siku aliyokwenda zahanati kwa sababu ya kizunguzungu. Muuguzi alimpima presha, akaguna, akamwambia apunguze mwili.

"Una uzito gani?" muuguzi akauliza.

"Si unipime, sista."

"Mizani yetu ilishakufa. Nenda pale uwanjani, wana mizani kubwa ya kupimia saruji. Ile haimkatai mtu."

Uwanja wenyewe ulikuwa unajengwa kwa fedha za nchi ya mbali. Viti, bolti, taa, hata nyasi, vyote vilishuka bandarini vikiwa na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Redio ilisema ni zawadi. Baba mkwe alisema ni mkopo, na wajukuu watalipa. Msimamizi mgeni mwenyewe ukimuuliza alikujibu "sawasawa", kwa sababu hilo ndilo neno pekee alilolijua, na ndilo wafanyakazi walilompa liwe jina lake. Kwamba zahanati haina mizani na uwanja unayo, kila mtu mtaani aliliona, kila mtu alilisema, na kila mtu alikuwa na hamu ya kwenda kutazama mpira.

Bonge alifika asubuhi mbaya. Sawasawa alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi, ameshika kichwa. Kwa ajili ya kujaribia viti, wageni walikuwa wameleta mifuko ya mchanga, mchanga wa kwao, umepimwa na kupigwa mihuri. Waashi walipoikuta imepangwa ghalani hawakuona mihuri, waliona mchanga. Wakauchanganya na saruji, wakapigia lipu vyoo vya waheshimiwa. Mifuko yenyewe, ya buluu, imara, yenye vishikio, ilikuwa imeanza kuonekana sokoni mikononi mwa wake zao. Mchanga umevuka bahari nzima kuja kukaa ukutani chooni.

Bonge akapanda mizani. Mshale ukazunguka, ukazunguka, mpaka mtunza ghala akapiga mluzi. Sawasawa akainua kichwa. Akamtazama mtu, akautazama mshale, akamtazama tena mtu, kisha akaongea haraka haraka na mkalimani wake, binti mpole ambaye kazi yake ilikuwa kupokea hasira upande mmoja na kuzifikisha upande wa pili zikiwa zimepoa.

"Samahani, kaka, usione vibaya," binti akasema. "Anauliza kama unaweza kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Kwenye viti. Vyote."

Masharti ya kazi, binti alieleza, yaliruhusu kiti kijaribiwe kwa mzigo au kwa mtu, mradi kila asubuhi mizani ionyeshe uzito unaotakiwa. Sawasawa alichukua rangi nyekundu, akapiga mstari kwenye kioo cha mizani. Mshale wa Bonge ulikuwa umeupita mstari huo kwa raha zake. Tena mtu ni bora kuliko mfuko, Sawasawa aliongeza, kwa kuwa mfuko hauruki bao likiingia.

Hivyo Bonge akaajiriwa kwa ajili ya kitu kilekile alichochekewa maisha yake yote. Alivaa kofia ngumu ya njano na kuanza jukwaa la magharibi, safu ya chini. Anakaa kwa kishindo. Anaegemea nyuma. Anajitupa kulia, anajitupa kushoto, anainuka, anakaa tena kama shabiki ambaye timu yake imekosa bao. Kiti kikitulia, anasonga. Kikilia au kikicheza, anakitia alama ya chaki, na nyuma yake anakuja fundi wa kukaza bolti, kijana mmoja mwenye maneno mengi aliyeitwa Spana. Hapakuwa na kiti kilichomkatalia Bonge. Wiki ya kwanza alikuwa akirudi nyumbani anaimba.

Jumapili, akiwa juu ya benchi lake la mabomba, akamsimulia baba mkwe.

"Viti vya plastiki?" Mzee aliweka kikombe chini. "Wewe? Utavimaliza kwa kuvivunja, mkwe wangu, na deni la nchi liongezeke."

Sebule nzima ikacheka, na Bonge naye akacheka kidogo, kwa adabu.

"Haya, nisikilize," mzee akaendelea, ameshapata moto. "Wewe ukivikalia vyote, wewe mwenyewe, mpaka cha mwisho, mimi nitakuja nikae pale mbele za watu. Mimi na mwili wangu huu."

"Nimesikia, baba," Bonge akasema.

Alikuwa amesikia kweli. Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine. Alitaka avikalie vyote mpaka cha mwisho, kwa mwili wake na si wa mtu mwingine, halafu baba mkwe akae kwenye kiti alichokipitisha yeye, na asianguke. Aliona kwamba likitimia hilo, deni la ile harusi litakuwa limefutika.

Kilichomharibia ni ngazi. Uwanja ni ngazi tupu, na Bonge alizipanda na kuzishuka kutwa, akikaa na kuinuka kama mtu anayetumikia adhabu ya shule. Nyumbani mkewe alikuwa ameshika maagizo ya muuguzi kwa mikono miwili: mboga nyingi, mafuta tone, chai bila sukari. Mwili ukaanza kuondoka. Mkanda ukatobolewa tundu jipya, kisha jingine. Kizunguzungu kikaisha. Muuguzi akampongeza, mkewe akamwambia ameanza kufanana na picha ya posa. Bonge alipaswa kufurahi, na angefurahi, lakini kila asubuhi mshale ulizidi kuusogelea mstari mwekundu.

Walipofika jukwaa la mashariki, Sawasawa aliinama juu ya kioo cha mizani, akasema neno.

"Anasema ukishuka chini ya mstari," binti mkalimani akatafsiri, naye sauti yake ilikuwa ya huruma, "atamleta yule mnyanyua vyuma wa mtaa wa pili aje amalizie."

Bonge alihisi unga unamwagika. Viti vilivyobaki vilikuwa vichache kuliko vilivyokaliwa. Mnyanyua vyuma akivigusa, hata safu moja tu, baba mkwe atasema nini? Atasema mkwe wake alianza kazi, wenye nguvu wakaimaliza.

"Kaka mkubwa, usitoke jasho," Spana akamnong'oneza. "Dawa ninayo."

Dawa ilikuwa bolti. Asubuhi iliyofuata Bonge alipanda mizani akiwa na bolti mifukoni, bolti ndani ya soksi, bolti zimepangwa chini ya kofia. Mshale ukaupita mstari. Sawasawa akasema sawasawa, na kazi ikaendelea. Alitembea akilia kama kabati la vyombo.

Ila zile bolti zilikuwa za kazi. Spana, akipungukiwa na bolti, alikuwa akinyoosha mkono na kuchota mfukoni mwa Bonge kama mtu anayechota njugu, anaifunga kwenye zege, wanasonga. Ikifika saa ya chakula cha mchana soksi zilikuwa tupu. Jioni Bonge alikuwa mwepesi kama alivyoamka. Asubuhi walimpima mtu mmoja, mchana akakaa mwingine. Walifanya hivyo kwa jukwaa karibu zima la mashariki, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona tatizo, maana vyote viwili, bolti na viti, vilikuwa vinakwenda vizuri.

Tatizo lilikuja siku ya kugawiwa tiketi. Kila mfanyakazi alipewa ya kwake na ya mgeni wake, kwa ajili ya mechi ya ufunguzi. Bonge alizipokea kwa furaha, akazigeuza kutazama mahali pa kukaa. Jukwaa la mashariki, katikati. Alilikumbuka eneo lile vizuri: walilifanya mchana, mifuko ikiwa mitupu.

Kichwani akamwona baba mkwe akikaa mbele ya taifa zima. Akakiona kiti kikisalimu amri.

Asubuhi yake alimfuata mkewe jikoni, akasimama mlangoni.

"Mama watoto, nimekalia viti kwa uongo."

"Kiti kinakaliwaje kwa uongo?"

Akamweleza: mizani, soksi, Spana na mkono wake wa kuchota. Mkewe alicheka mpaka ikabidi aweke sufuria chini. Alicheka peke yake, kisha akatambua kuwa anacheka peke yake, akanyamaza.

"Kwa hiyo unataka unenepe tena?" akauliza.

"Sitaki. Nilishachoka na kizunguzungu. Ila nautaka ule uzito wangu. Mwakani mtu atakaa pale ana mtoto mapajani, tena si baba yako tu. Nitakuwa nimemdanganya."

Mkewe alimwangalia kidogo, akaenda chumbani. Alirudi na mbeleko, ile iliyobeba watoto wao wote, imefuliwa mpaka imekuwa laini, ina doa la dawa ya kifua ambalo halikuwahi kutoka.

"Uzito ukikataa kukaa tumboni," akasema, "tutauweka mgongoni."

Walikwenda uwanjani pamoja. Bonge alimtafuta Sawasawa kabla ya mizani kufunguliwa, akamwambia yote kupitia kwa binti mkalimani, bila kumtaja Spana. Spana, aliyekuwa amesimama pembeni, akajitaja mwenyewe. Binti alitafsiri huku akitazama viatu vyake. Sawasawa alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ukawa mwekundu, kisha ukarudi ulivyokuwa. Aliongea maneno machache, na safari hii hayakupoa njiani.

"Anasema angekufukuza," binti akasema. "Anasema pia kwamba angejua lini, kama usingemwambia? Anauliza, sasa unataka nini?"

"Nirudie jukwaa la mashariki. Lote. Na bolti ambazo hakuna mtu atakayezichota."

Mke wa Bonge alikuwa ameshatia bolti kwenye gunia dogo na kulishona mdomo. Akamwinamisha mumewe, akaliweka mgongoni, akalizungushia mbeleko, akakaza fundo kifuani kwa nguvu za mtu aliyebeba watoto wakorofi. Bonge akapanda mizani. Mshale ukaupita mstari mwekundu ukatulia. Sawasawa alimzunguka. Alilivuta fundo mara mbili, vilevile anavyovuta bolti, halikusogea. Akamtazama mama watoto kwa heshima.

"Sawasawa," akasema.

Jukwaa la mashariki likaanza upya. Waashi waliacha kazi kumtazama mwanaume mzima amebeba mwana wa chuma mgongoni. Walimuuliza mtoto ana umri gani, ameshaota meno, amefanana na nani. Bonge aliwajibu kwamba mtoto amefanana na wao kwa ugumu wa kichwa, akaendelea kukaa. Mabega yaliwaka moto. Hakulivua gunia ila wakati wa kula.

Viti vingi vilitulia. Vichache vililia, akavitia chaki, na Spana akavikaza bila neno, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Katikati ya jukwaa, mchana, Bonge alijitupa kushoto kwenye kiti fulani na akasikia chini yake mlio kama wa ukuni mkavu. Kiti kiling'oka na kipande cha zege. Mtu, gunia na kiti vikateremka safu moja, Bonge akaishia amelala chali juu ya bolti zake, anatazama mbingu.

Spana alikuja mbio, midomo imemkauka. Kile kiti walikipitisha. Hakikuwa na alama ya chaki.

"Umeumia, kaka mkubwa?"

Bonge alikuwa anacheka. Hakuwahi kuanguka kwa raha namna ile. Alikuwa ameanguka yeye, leo, mahali ambapo pangeanguka mtu mwingine kesho. Alitoa tiketi mfukoni akiwa bado amelala, akasoma namba. Kiti cha baba mkwe kilikuwa cha pili kutoka hapo.

Zege likatinduliwa na kumwagwa upya, kiti kikabadilishwa, na zege lilipokauka Bonge akakikalia tena, yeye na mwanawe wa chuma. Cha mwisho kabisa walikikalia siku moja kabla ya makabidhiano. Sawasawa alipiga makofi peke yake kule chini uwanjani, na alipofunga virago vyake aliagiza ile mizani ipelekwe zahanati, pamoja na mstari wake mwekundu. Muuguzi mpaka leo hajaufuta, anasema unawatia watu adabu.

Siku ya ufunguzi baba mkwe alikuja amevaa koti lake la harusini. Alisimama mbele ya kiti chake, akakitazama, akamtazama mkwe wake.

"Umevikalia vyote?"

"Vyote, baba."

"Hukuvunja hata kimoja?"

Bonge angeweza kusema chochote. "Nilivunja kimoja," akasema. "Hicho cha pili kutoka hapo. Kimefungwa upya."

Mzee akakitazama kile cha pili. Watu wa nyuma wakaanza kumwambia mzee wetu keti tuone. Aliweka mikono magotini, akajishusha polepole sana kama anayeingia kwenye maji ya moto, na alipofika chini akabaki hivyo, hapumui vizuri, hadi filimbi ilipopigwa.

Kuhusu mechi yenyewe Bonge hana la kusimulia. Kulikuwa na bao moja tu, zuri mno kwa maelezo ya walioliona. Uwanja mzima uliruka, na baba mkwe, aliyesema huu ni uwanja wa mkopo, aliruka na mikono juu, kisha akarudi kitini kwa uzito wake wote, kishindo. Bonge hakuliona bao. Alikuwa ameinama, ametega sikio kwenye bolti. Hazikulia.

"Umeliona lile?" mzee akamuuliza, machozi yanamtoka.

"Nimeona, baba," Bonge akasema, akimtazama alivyokaa.

Jumapili iliyofuata wakaenda kula kwa wakwe. Bonge aliingia, akasalimia, akasimama mikono nyuma kama kawaida. Uani benchi likaanza safari yake: kwaa, jikoni, kwaa, sebuleni. Watoto walilifikisha mbele yake wakihema. Mzee akainuka.

"Lete hapa," akawaambia.

Akalivuta mpaka upande wake, akakisukuma kiti chake cha plastiki kwa mkwe. Bonge akajishusha. Akaegemea nyuma, akajitupa kidogo kulia, kidogo kushoto, si kwa kusudi, ni mwili tu uliozoea kazi. Kiti kikatulia. Mkewe, aliyeshikilia birika mlangoni, akaachia pumzi.

Mzee naye akakaa juu ya mabomba. Alijisogeza mbele, akajisogeza nyuma, akatafuta pa kukalia vizuri, akakosa. Akapapasa chuma kwa kiganja.

"Kumbe ni gumu hivi?"

"Ni gumu, baba."

"Miaka yote hiyo hukusema."

"Ningesemaje, baba?"

Chai ilipoletwa mzee alichukua kikombe cha kwanza, kile ambacho siku zote kilikuwa chake, akakiweka mkononi mwa mkwe wake.